Kura Niliyoipiga na Pini Mdomoni

Mtu akiingia dukani kupimwa kanzu, wanangu, msianze na tumbo. Mkaribisheni, mpimeni mabega, halafu muulizeni habari za watoto wake. Mwanamume yeyote akiona futi inakaribia kiuno chake huvuta pumzi na kulificha tumbo, na ukilipima tumbo lililofichwa utashona kanzu ya mtu ambaye hayupo. Lakini akianza kukueleza mwanawe wa kwanza anasomea nini, hujisahau. Tumbo hurudi mahali pake. Hapo ndipo unapozungusha futi, upesi, bila kumkatiza maneno.

Hilo nilifundishwa na Mzee Yahya, Myemeni aliyekuwa mkataji wetu katika duka la mtaa wa Suwaidi, kule Riyadh. Nilikuwa kijana nimetoka Mombasa juzijuzi, najiona fundi kamili kwa sababu nilikuwa nimeshona suruali za nusu ya mtaa wetu. Siku ya kwanza alinitazama nikikata kitambaa, akaninyang'anya mkasi, akanipa pasi. Nilipiga pasi mpaka nikawa naota mvuke. Aliponirudishia mkasi alisema, "Sasa unajua kitambaa kinavyojikunja. Mwanzo ulikuwa unakikata kama mkate."

Nyinyi leo mna mashine zinazokata kwa kompyuta, na mteja anawatumia vipimo kwa simu akiwa kitandani kwake. Sisemi ni vibaya. Nasema tu kwamba vipimo vya simu vyote ni tumbo lililofichwa. Kijana mmoja wa mtaa huu wa Hindawiya, hapa Jeddah, alikuja kwangu wiki iliyopita analia na kanzu ishirini za watumishi wa hoteli, zote zimebana. Nikamuuliza, "Nani aliwapima?" Akasema, "Walijipima wenyewe." Nikampa chai, maana dawa nyingine sikuwa nayo.

Basi na sisi tuliharibu. Kule Suwaidi aliletwa bwana harusi na shemeji zake, anataka kanzu ya pamba nzito, aivae Ijumaa. Nikakata bila kuloweka kitambaa. Msikate pamba ambayo haijalowekwa na kukaushwa, hata mteja akipiga magoti. Kanzu ikafuliwa mara moja tu, ikapanda hadi juu ya vifundo vya miguu. Bwana harusi akarudi uso umemvimba. Nikatafuta pa kujificha nyuma ya majora ya vitambaa. Mzee Yahya akamtazama kutoka chini hadi juu, akatikisa kichwa polepole, akasema, "Mashaallah. Umeamua kuwa mcha Mungu." Yule bwana akaondoka nayo. Ijumaa akaenda harusini hivyohivyo, vifundo nje kama wafanyavyo washika sunna, na baba mkwe akafurahi mno kupata mkwe mwenye dini. Baadaye bwana yule alirudi akaagiza nyingine tatu za urefu uleule. Mpaka leo sijui kama alikuwa ameamini au alikuwa ameshindwa kurudi nyuma.

Lakini najua nyinyi mnapokuja hapa kwa binti yangu kunisalimia, mkishauliza habari za kola na za vifungo, mnachotaka hasa ni ile habari ya mbunge wa Amerika. Haya, kaeni. Nitaisema yote mara moja ili niache kuulizwa kila Idi.

Mzee Yahya alipozeeka alirudi kwao, duka la Suwaidi likafungwa, nami nikahamia hapa Jeddah kwa kafili mwingine, yaani mdhamini wa kazi, aitwaye Abu Talal. Alikuwa na duka la kanzu Hindawiya, nyumba yake Aziziya, na kiti chake cha ngozi kando ya cherehani yangu. Mtu mnene, mcheshi, kila jambo kwake ni mafi mushkila, hakuna shida. Alikuwa akikaa kwenye kile kiti anakunywa kahawa na kuwaambia wateja wangu wamenenepa. Mimi nilimwita baba, ingawa nilimzidi umri. Na tangu niwe naye sikuwahi kukosa ikama, kibali cha kukaa nchini. Ila kadi ile ilikuwa inapitia mkononi mwake, na kila inapokaribia kuisha mtu hulala ubavu mmoja. Wenye ikama mnanielewa.

Asubuhi moja akaingia Mwalimu Kilonzo. Huyu alikuwa Mkenya mwenzangu, Mkamba, kijana mrefu mwenye miwani, amekuja kwa mkataba kufundisha historia katika shule moja ya binafsi ya wavulana kule Aziziya, shule inayofuata masomo ya Kimarekani. Akanionyesha picha kwenye simu.

"Fundi, unaweza kushona hii kitu?"

Nikaangalia. Mwanamume amevaa koti fupi mbele, kama kitambaa kilimwishia fundi, halafu nyuma limeshuka mikia miwili kama ya mbayuwayu. Shingoni amejifunga kitambaa cheupe mpaka masikioni.

"Huyu ni mpiga tarumbeta wa harusi?" nikauliza.

"Huyo ni mgombea wa bunge, Fundi. Amerika, zamani sana. Vijana wangu wanafanya mchezo wa kuigiza. Nataka makoti mawili."

Nikamwambia akae anieleze, maana siwezi kumshonea mtu nisiyemjua hata kama alikufa zamani. Akanieleza. Jimbo la Illinois, miaka mia mbili na zaidi iliyopita, lilikuwa ndiyo kwanza linaingia katika Muungano wa Amerika. Likaambiwa lipeleke mtu wake mmoja katika baraza la wawakilishi kule mji mkuu. Mmoja tu, kwa jimbo zima. Wakajitokeza mabwana wawili, wanasheria vijana, wakapigania nafasi hiyo, na kura zikakaribiana kabisa.

"Na kura walikuwa wanapiga kwa mdomo," akasema Kilonzo. "Hakuna karatasi. Unasimama mbele ya karani, watu wote wapo, unataja jina la unayemtaka kwa sauti. Mgombea mwenyewe yupo hapo anaweza kukushukuru."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

"Na tajiri wako akiwepo?"

"Anasikia."

"Basi hiyo si kura, mwalimu. Huo ni mtihani."

Akacheka. Akaendelea kwamba yule aliyeshinda alisafiri safari ndefu, kufika mji mkuu akaambiwa asubiri kwanza, hawezi kuapishwa, kwa sababu kupokelewa kwa jimbo lake kulikuwa bado hakujakamilika. Akakaa wiki kadhaa akingoja.

"Masikini," nikasema. "Alikuwa na viza lakini hana ikama."

Kilonzo alicheka mpaka chai ikamwagikia suruali. Akasema hayo maneno lazima ayatie katika mchezo, nami nikamwambia ayachukue bure.

Mudiri wa shule alikuwa amekubali mchezo kwa shida. Alitaka ahakikishiwe kuwa ni historia na si siasa, na Kilonzo akamwapia kuwa wahusika wote wamekufa. Kikwazo kilichobaki kilikuwa pombe. Wagombea wa zamani wale walikuwa wakiwanywesha wapiga kura, tena sana. Mudiri akachukua kalamu, akafuta, akaandika laban. Basi watu wa Illinois wakanunuliwa kwa mtindi.

Majina ya mabwana wale yalibadilishwa. Kilonzo akawaacha wavulana watumie majina yao wenyewe. Na hakutaka kura ya kuigiza. Alitaka wazazi waitwe jukwaani siku hiyo, wataje jina kwelikweli. "Nataka hawa watoto watafute kura," akasema. "Wakishajua nani atashinda hawatatoa jasho."

Sasa nikawa na kazi. Picha ilikuwa ya mbele, mikia inachungulia tu, mishono ya nyuma nilipaswa kukisia. Mikia ya kwanza, ya majaribio, niliikata mirefu hata nilipomwambia mpita njia mmoja ajaribu kukaa nayo, alikaa juu yake na hakuweza kuinuka. Na mkono wa koti si mkono wa kanzu, wanangu. Kanzu husamehe. Koti halisamehe. Ukikosea kwapa kwa upana wa kucha, mtu hawezi hata kujikuna sikio. Nilipiga bandi, nikafumua, nikapiga tena. Nilimkumbuka Mzee Yahya na pasi yake, nikamwombea heri.

Siku ya tatu Abu Talal akaingia, akajitupa kwenye kiti chake.

"Fundi, umesikia? Mjukuu wangu Mishari anagombea."

"Nimesikia, baba. Hongera."

"Koti lake libane hapa." Akajishika kiunoni, mahali ambapo kiuno kilikuwa kimepotea tangu ujana wake. "Aonekane kama waziri."

"Baba, ni mtoto. Atahutubia, atanyanyua mikono. Tumwachie nafasi."

"Waziri hanyanyui mikono. Bana." Akanywa kahawa. "Na huyo mwingine, mtoto wa daktari Msudani, anaitwa nani?"

"Ziyad."

"Ziyad. Lake liwe pana kidogo. Kama gunia. Mafi mushkila?" Akacheka, akanipiga bega. Akainuka, na alipofika mlangoni akageuka. "Ikama yako inaisha mwezi ujao, sivyo? Nitaishughulikia."

Akaenda zake. Nilibaki na mkasi mkononi. Alikuwa ametamka mambo mawili kwa pumzi moja, na mimi sikuweza kujua kama yalikuwa ndugu au yalikutana tu mlangoni. Binti yangu huyu mnayemwona alikuwa bado chuoni Mombasa wakati huo. Nilifikiri sana.

Wavulana wakaja kupimwa. Mishari alikuja na bibi yake, Umm Talal, ambaye siku hizi anaendesha gari mwenyewe na alikuwa ameliegesha mlangoni mwangu kiasi kwamba hakuna mteja angeweza kuingia. Mtoto mzuri, mnono, mchangamfu. Bibi yake alikuwa akimpa tende huku nampima. Nikamwambia, "Mama, akila wakati napima, nitapima tende." Akasema, "Pima upesi basi." Mishari akanieleza kuwa akichaguliwa ataweka mvuko mkubwa mtoni, watu wote watavuka, na kila anayevuka atalipa. Nikamuuliza wazo hilo la kulipa limetoka wapi. "Kwa babu," akasema. "Babu ndiye ameandika hotuba yangu."

Ziyad alikuja na mama yake, yule daktari Msudani, daktari wa meno, mwanamke wa maneno machache. Mtoto mwembamba, mikono mirefu, heshima nyingi. Alisimama wima kama fimbo, halafu akaniuliza, "Ammi, ungekuwa unaishi kule, ungetaka mbunge wako akufanyie nini?"

Katika kazi yangu yote nimewapima wafanyabiashara, maofisa, na hata mtu mmoja aliyesema ni mshauri wa mtu mkubwa. Hakuna aliyewahi kuniuliza ninataka nini. Nikafikiri kidogo. "Daraja," nikasema. "Nivuke nikitaka, bila kumwomba mtu ruhusa." Akatikisa kichwa, akashukuru, akavaa viatu vyake.

Jioni ile nikatandaza kitambaa cha koti lake mezani. Nilichora gunia kwa chaki. Nililichora vizuri kabisa, mabega yameanguka, mikono imefunika vidole. Nikalitazama. Nikalisugua chaki yote ikatoka. Sikufanya hivyo kwa ushujaa, msinisifu. Mkono wangu ulikataa. Umezoesha mkono kukata sawa tangu ujana, halafu unauambia leo ukate vibaya, unakutazama kama mbuzi aliyeambiwa aimbe. Nikakata koti la Ziyad kwa vipimo vya Ziyad.

La Mishari nikabana kiunoni kama nilivyoamriwa. Lakini ndani ya mishono niliacha kitambaa cha kutosha kuja kulipanua. Fanyeni hivyo daima kwa watoto, na kwa wanaume ambao wake zao ni wapishi hodari.

Siku ya mchezo Kilonzo akaniambia lazima niwepo. Nikaenda, na pini zangu, sindano na uzi mfukoni, maana fundi akienda kutazama nguo zake bila sindano ni sawa na daktari aliyekwenda kuzika. Ukumbi ulijaa. Familia zilikaa pamoja, si kama zamani. Abu Talal na Umm Talal walikuwa safu ya pili, yeye na tasbihi, mama na simu anarekodi. Mimi nilisimama ukutani kando ya jukwaa.

Akatoka Ziyad kwanza. Wallahi lile koti lilimkaa. Mabega, mikia, yote. Wazazi wakanong'ona. Abu Talal akageuza shingo polepole mpaka akanipata pale ukutani, akanitazama, na hakucheka. Mimi nikaangalia dari, nikaona dari yao ni nzuri.

Ziyad akahutubia, kwa Kiarabu na Kiingereza kidogo, akaahidi daraja. "Kila mtu avuke akitaka," akasema, "bila kuomba ruhusa." Nikahisi masikio yanawaka moto.

Kisha akatoka Mishari. Tangu nimpime alikuwa ameendelea na tende. Koti lilifungwa, lakini vifungo vilikuwa vinasali. Akasimama mbele, akavuta pumzi, akanyanyua mikono yote miwili juu.

"Enyi watu wa Illinois!"

Kraaa!

Ule mlio ulifika mpaka safu ya mwisho. Koti lilipasuka mgongoni kutoka shingoni hadi kiunoni. Na ndani ya koti la mbunge wa Amerika wa zamani, Mishari alikuwa amevaa jezi ya mpira ya manjano ya timu anayoipenda. Nusu ya ukumbi ikashangilia. Nusu ya pili, ya timu nyingine ya mji, ikazomea. Hapo mchezo ulikuwa karibu kugeuka kitu kingine kabisa.

Mtoto akaganda, mikono bado juu. Midomo ikaanza kumtetemeka. Nami sikumbuki nilivyopanda jukwaani. Nakumbuka tu niko nyuma yake, pini mdomoni, nashika kitambaa kinachonitoroka pande mbili. Mikono miwili haikutosha. Ziyad akaja, bila kuambiwa na mtu, akanishikia upande mmoja, na upande wa pili nikaufikia.

Kilonzo alikuwa jukwaani kama karani. Akajikohoza. "Mabibi na mabwana," akasema, "jimbo letu ni jipya kiasi kwamba hata makoti bado yanashonwa."

Ukumbi ukaangua kicheko, lakini kicheko kizuri. Mishari akashusha mikono. Akaniuliza kwa chini, "Nimalize?" Nikaitikia "Mmm" kupitia pini. Akahutubia yote, na mvuko wake, huku mimi napiga bandi mgongoni na mpinzani wake ameshika koti. Alisema vizuri kuliko alivyokuwa akisema mazoezini, Kilonzo aliniambia baadaye. Alipigiwa makofi mengi.

Ikaja kura. Kilonzo akawaita wazazi mmoja mmoja mbele ya meza yake. Abu Talal akapanda, akasema "Mishari!" kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara. Umm Talal akasema "Mishari" na akamrushia busu. Yule daktari akasema "Ziyad" kama mtu anayesoma dawa. Mudiri akasema anawachagua wote wawili. Kilonzo akamwambia sheria ya Illinois hairuhusu. Akafikiri mpaka watu wakaanza kucheka, akachagua. Wakapita wengine. Na walipokwisha, kura zilikuwa sawasawa.

Kilonzo akatazama kulia, akatazama kushoto. Halafu akanitazama mimi.

"Na fundi? Fundi anaishi jimboni. Njoo, raia, taja jina."

Bado nilikuwa na pini mdomoni. "Mmm," nikasema.

"Mgombea gani huyo?"

Watu wakacheka tena. Wanangu, nilitamani zile pini ziwe nyingi kama nywele. Ningeweza kubaki nazo. Ningeweza kusema "Mmm" mpaka watu waende nyumbani. Nikatazama safu ya pili. Abu Talal alikuwa ameinama mbele, tasbihi imesimama. Nikaona ikama. Nikaona ada ya chuo. Nikaona uwanja wa ndege na begi langu.

Nikatoa pini ya kwanza, nikaichomeka kwenye mkono wa koti la Mishari. Nikatoa ya pili. Sijawahi kutoa pini taratibu hivyo. Nilikuwa nayajua makoti yote mawili, ndani na nje. Lakini nilikuwa nimezisikia na hotuba zote mbili, na daraja lilikuwa langu.

"Ziyad," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba kama uzi.

Ziyad akakumbuka kazi yake, akainama kidogo. "Nakushukuru, raia." Na Mishari, hapohapo mbele yangu, akanigeukia akaninong'oneza:

"Sawa, ammi. Lakini nimalizie koti basi."

Nikalimalizia. Kilonzo akampa Mishari mkono akamwambia kuwa katika historia ya kweli yule aliyeshindwa alishinda uchaguzi uliofuata, tena upesi, maana muda wa yule wa kwanza ulikuwa mfupi. Mishari akafikiri, akasema, "Basi lijalo lishonwe pana."

Mchezo ukaendelea. Mbunge mpya akasafiri juu ya farasi wa mbao, akafika mlango wa bunge, bawabu akamwambia asubiri nje. "Una viza," bawabu akasema, "lakini ikama mafi." Wazazi wa kigeni ndio waliocheka zaidi. Baba mmoja Mpakistani alifuta machozi na kitambaa cha mke wake. Mimi sikucheka. Nilikuwa natazama safu ya pili, na kiti cha Abu Talal kilikuwa kitupu.

Asubuhi yake nilifungua duka mapema. Nikapiga pasi kanzu ambazo zilikuwa zimeshapigwa. Akaja saa ya kawaida yake, akakaa kwenye kiti chake, hakunisalimia kwa mzaha kama siku zote. Akaomba kahawa. Nikammiminia. Akanywa. Akatia mkono mfukoni, akatoa kadi, akaitupa juu ya meza ya kukatia.

Ikama yangu. Mpya.

"Ilikuwa ndani ya gari tangu wiki iliyopita," akasema. "Nilisahau kukupa."

Nikaishika. Nikasema, "Mungu akubariki, baba."

"Jana nilitoka kwenda kujibu simu. Niliporudi umeshaondoka." Akazungusha kikombe. "Ulimchagua yule mtoto wa daktari."

"Ndiyo, baba."

"Mbele ya watu."

"Ndivyo walivyokuwa wakifanya huko, baba."

"Na koti lake halikuwa gunia."

"Mkono ulikataa, baba."

"Kwa nini Ziyad?"

"Aliahidi daraja. Mishari aliahidi mvuko wa kulipia."

"Ule mvuko niliubuni mimi."

"Najua, baba."

Akainuka, na kile kiti cha ngozi kikatoa pumzi. Akaenda mlangoni, akachungulia barabarani, kulia, kushoto. Halafu akafunga mlango. Nikajisemea, halas, nimekwisha. Akarudi mpaka karibu na cherehani yangu, akainama, akashusha sauti.

"Daraja ni bora," akasema. "Na mimi ningesema Ziyad. Lakini Umm Talal alikuwa amekaa hapa." Akajigusa ubavu wa kushoto. "Hapa hapa. Anarekodi."

Nikamwapia kuwa neno hilo halitatoka ndani ya duka. Sasa limetoka, kwa hiyo sikilizeni vizuri. Abu Talal alishatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu, lakini mama yule yupo, yuko Aziziya, na anasikia kuliko mimi. Mkienda kumpelekea kanzu za wajukuu, mpimeni mtoto kabla hajapewa tende, mshukuruni, na mkiulizwa lolote kuhusu Illinois, tieni pini mdomoni.